Je, Nitafungwa Kwenye Zege Kama Msumeno?

Tarehe 9 Juni. Huu ni mwaka wa tatu tangu nitoke nyumbani.

Mshauri wangu, pole na barua za watu, na hii yangu naomba uipokee. Mimi ni kibarua kwenye kiwanda cha mbao, nasukuma magogo kwenye msumeno mkubwa, shule niliishia darasa la tano kwa hiyo Kiingereza changu ni cha kuokota kazini tu. Juzi msimamizi aliniita pembeni akasema, "Tunataka uwe pamanenti, kafikirie, Ijumaa uje usaini," nikaitikia ahsante mkuu, lakini neno hilo la pamanenti hapa nimelisikia likisemwa kwa kitu kimoja tu, huo msumeno, ambao miguu yake imefungwa kwa boliti kwenye zege, na kila tukifagia vumbi la mbao msimamizi hutupigia kelele, "Msiusukume huo, ni pamanenti!" na ule uliokuwepo kabla yake ulitoka pale kwa kukatwa vipande ukauzwa chuma chakavu. Wenzangu wanacheka. Mmoja tunamwita Gundi, maana ndiye anayebandika mbao, alinipiga bega akasema, "Karibu kwenye zege, kaka, siku ukichoka tutakufungua kwa spana." Nikacheka na mimi, lakini jioni nilipompigia mke wangu yeye hakucheka, akasema, "Mume wangu, ukiwa pamanenti huko, mimi hapa niwe nani?" Nikamuuliza habari za mvua. Kazi naitaka, nimechoka kusimama getini kila asubuhi nisijue kama nitaitwa, na nyumbani nataka kurudi, binti yetu mdogo baba yake anamjua kwa sauti ya simu tu. Mke wangu nilimwahidi nitafika Desemba. Sijui kama mtu wa pamanenti ana Desemba.

Kibarua wa Msumeno

JIBU

Ndugu yangu, pole kwa uchovu. Huyo Gundi anayekukaribisha kwenye zege kama mwenyeji, muulize likizo yake ya mwisho aliimalizia wapi, uone kama alifunguliwa kwa spana.

Hilo neno pamanenti husemwa kwa kitu cha kudumu, kisicho cha muda. Msumeno umewekwa pale udumu. Kwako wewe, kinachodumu ni kazi, miguu bado ni yako. Mwenye ajira ya kudumu ana likizo, na akitaka kuacha anatoa taarifa mapema anaondoka zake. Asiye na Desemba ni kibarua, maana akienda kwao, akirudi anakuta mwingine anasukuma magogo yake. Si ndiyo maana hujaenda miaka yote hii?

Lakini nikugombeze kidogo. Umeniandikia mimi nisiyekujua, na msimamizi yuko hatua chache kutoka ulipo hujamuuliza hata swali moja. Na mkeo hakutaka kujua maana ya neno. Alitaka kujua nafasi yake, ukamletea habari za mvua.

Ijumaa, kabla hujashika kalamu, muulize mkuu: "Likizo yangu ya kwanza ni lini?" Mkubaliane Desemba, mkataba usomewe kwa sauti, uelewe, ndipo usaini. Siku hiyohiyo mpigie mkeo. Usianze na habari za pamanenti, anza na tarehe ya kufika. Alikuuliza awe nani. Mwambie, "Wewe ndiye ninayerudi kwako siku hiyo." Kisha mwombe ampe binti simu, naye umtajie tarehe hiyohiyo.