Ng'ombe Asiye na Nundu

Alhamisi. Upepo tangu asubuhi, na vumbi limeganda kwenye rangi mbichi. Nimechoka na kanisa, nimechoka na ng'ombe, na zaidi ya yote nimechoka na simu za mama.

Wiki ya tatu sasa nachora ukuta wa kanisa letu hapa Kizota. Mwana mpotevu amerudi, baba anamkumbatia, kaka mtu amesimama nje kanuna, na ndama aliyenona yuko pembeni. Picha ya msamaha. Kamati imekaa vikao vitatu juu yake, na hakuna hata kimoja kilichogusa msamaha.

Wanagusa ng'ombe.

Kosa langu, nakubali. Nilimwiga kwenye kalenda: mnene, madoa meusi na meupe, hana nundu. Wazee wa kamati ni Wagogo, wafugaji tangu utoto. Mwenyekiti alimkagua kama yuko mnadani, akasema mnyama huyo kwetu hamalizi kiangazi. Nikaweka nundu. Wakasema pembe fupi. Nikarefusha. Jana wakasema huyo sasa si ndama, ni maksai, na baba gani anachinja maksai wake wa kulimia? Nilicheka huku nimekasirika.

Kuhusu yule kaka aliyenuna hawakusema neno, nikashukuru. Nimempa uso wangu.

Mdogo wangu Meshaki aliondoka nyumbani Gulwe baba akiwa kitandani, akazima simu. Miezi saba nilimlisha baba uji kwa kijiko. Tukamzika baba, naye Meshaki hayupo. Sasa kaibuka, na mama hanipi nafasi ya kupumua: njoo Jumapili, mdogo wako yupo. Jana nilimjibu maneno ambayo naona aibu kuyaandika hapa. Akanijibu kwa upole tu, "Sijakuomba umsamehe. Nimekuomba uje ule na sisi."

Nikakata simu.

Leo mchana bibi anayefagia kanisa aliegemea ufagio wake, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Nikampa shikamoo, nikajiandaa kusikia habari za pembe. Akaniuliza, "Mbona baba umemchora mara moja? Si alitoka tena, kumbembeleza huyu aliyenuna?"

Nilitaka kumwambia ukuta umejaa, na kweli umejaa. Kisha nikakumbuka mama, na magoti yake yale mabovu, anavyopanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Mara tano wiki hii. Ananibembeleza mimi, si Meshaki. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikalia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira.

Halafu nikamfuta ng'ombe. Nundu, pembe na vikao vyote vitatu, nimevipaka chokaa. Hapo ndipo atakaposimama baba kwa mara ya pili, ametoka nje kumfuata mkubwa. Najua Mwenyekiti atauliza hii ni karamu gani isiyo na nyama. Aulize.

Jioni nimempigia mama, safari hii mimi. Nimemwambia nitakuja Jumapili, lakini kusamehe bado, na nikimkuta Meshaki anachekacheka naweza kugeuza hapohapo bila kuingia ndani.

Mama akasema, "Haya. Nitakusubiri nje."