Simu Ndani ya Soksi

Jumanne, 1 Juni 2004

Nimeamka saa kumi na mbili. Baridi kali. Maji ya kuku yameganda juu. Chai, kisha mistari kumi ya sweta. Simu iko mezani. Haijalia tangu iletwe.

Leo siku ya tano. Aliileta mume wa Faraja kutoka Mawengi. Hakuingia ndani. Alimpa jirani mlangoni, mimi nikiwa jikoni, kama inavyotakiwa. Sisi wazee wa Kibena, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso. Jina lake silitaji, hata humu. Miaka minne tangu waoane, kila neno letu linapita kwa Faraja.

Faraja ni mwanangu wa pekee. Ana mimba ya miezi minane. Wawili waliotangulia walikufa siku ile ile ya kuzaliwa, na mara zote mbili barua ilinifikia hapa Makambako baada ya mazishi. Nilikuwa muuguzi hospitali ya Ilembula miaka ishirini na sita. Watoto wa watu nimewapokea mpaka nimepoteza hesabu. Kwa mwanangu sikuwepo. Safari hii nilitaka ajifungulie kwangu. Ukoo wa mumewe wakakataa, mtoto atazaliwa kwao, hospitali ya Lugarawa. Tukakubaliana: siku akipelekwa Lugarawa wananiita kwa simu, nami naenda nikae kando ya kitanda chake. Ndiyo kazi ya simu hii. Nyingine haina.

Sijui kuitumia. Sijui hata kama iko macho au imelala.

Jumatano, 2 Juni

Imejifunga. Kuna ufunguo mdogo umechorwa kwenye kioo. Kila kitufe kinakataa. Nimeigonga mezani kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya na redio ya wodini. Haikusaidia. Nimeiweka.

Alhamisi, 3 Juni

Imelia! Saa nne asubuhi. Nilikuwa napepeta maharage, ungo ukanitoka mkononi.

Kwenye kioo imeandikwa MKWE. Nadhani aliandika yeye mwenyewe kabla ya kuileta. Nikasimama. Nikajifunga kitenge cha pili. Nikasimama hivyo hivyo mbele ya meza, mikono nyuma, mpaka ikachoka.

Nitaipokeaje? Sauti ya mkwe iingie sikioni kwangu, karibu kuliko mtu anavyomnong'oneza mkewe? Siwezi. Hakuna aliyefikiria jambo hili tulipokuwa tunakubaliana. Yeye hakufikiria. Mimi sikufikiria. Wajinga wawili.

Ijumaa, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mama Shamsa. Ni mtu wa Kondoa, ana duka la vocha na betri karibu na stendi. Mumewe ana lori. Mama huyu hanyamazi lakini ana moyo. Amecheka mpaka ushungi umeteleza.

Amenifundisha. Kijani ni kupokea, nyekundu ni kukata. Kufungua ufunguo unabonyeza mahali pawili, kimoja kwanza halafu nyota. Nimerudia mara tisa. Naandika humu nisisahau: KWANZA CHA JUU, HALAFU NYOTA.

Nimemweleza habari ya mkwe. Akafikiri kidogo, akasema basi tuandikiane. Ujumbe hauna sauti, ni barua tu, na barua haina mwiko. Sikuwa nimewaza hivyo. Tumemwandikia pale pale dukani, herufi moja moja, kitufe kimoja mara tatu ndipo upate C. Kule kwao simu inashika mlimani tu, kwa hiyo jibu limekuja jioni. "Shikamoo mama. Faraja mzima anakusalimu." Nimelisoma mara sita. Nimefurahi sana.

Jumapili, 6 Juni

Aibu. Simu imelia kanisani, katikati ya mahubiri, ndani ya kikapu, juu ya mboga. Nimebonyeza nyekundu, nimebonyeza kijani, nimebonyeza vyote. Mchungaji akanyamaza, akasubiri. Akina mama wa kikundi wote wamegeuka. Alikuwa mkwe, alibonyeza vibaya tu, baadaye akaandika kuomba radhi. Mama mmoja kaniuliza mlangoni kama sasa nazungumza na mkwe wangu. Alikuwa anatabasamu. Nilibeba kikapu nikaondoka.

Jumatatu, 7 Juni

Nimemwomba Mama Shamsa aifanye simu isilie kabisa mkwe akipiga. Ujumbe ulie, sauti yake isilie. Anasema inawezekana, amemtenga kwenye kundi lake peke yake, kundi lisilo na mlio. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwambia heshima haina nusu.

Nimefuma soksi ya sufu, ya rangi ya sweta la mtoto. Simu naivika humo. Baridi hii inamaliza chaji. Sasa ni salama, hailii ovyo.

Alhamisi, 10 Juni

Ujumbe wa saba. Huu aliutamka Faraja, mumewe akauandika: "Mama mtoto anacheza sana usiku anakataa nilale." Nimelia. Wale wengine hawakucheza hivyo.

Kampuni ya simu nayo inaniandikia. Bahati nasibu, salamu, sijui nini. Nazihifadhi zote. Barua haitupwi. Za marehemu mume wangu bado ninazo kwenye kopo la maziwa.

Jumatano, 16 Juni

Kitu kipya. Bahasha ndogo juu ya kioo, inawaka na kuzima. Haijawahi. Nadhani maana yake barua iko njiani, kama posta wanavyotangaza. Nasubiri.

Alhamisi, 17 Juni

Bahasha bado inapepesa. Barua haijafika. Tangu Jumatatu hakuna neno kutoka Mawengi. Nimeandika mwenyewe, "MNAENDELEAJE". Imeandika kwamba imekwenda. Imekwenda wapi?

Mama Shamsa yuko Kondoa msibani, atarudi Jumapili jioni. Nimekwenda duka la jirani yake. Yule bwana hata hakuivua soksi, kasema ninunue betri mpya. Nimeondoka.

Nyumbani nimejaribu mwenyewe. Nimeingia ndani ya simu, nikashuka, nikabonyeza sawa, sawa, sawa. Simu ikageuka lugha. Si Kiingereza, Kiingereza cha dawa na vipimo nakijua. Maneno yana vishale juu ya herufi. Kurudi siwezi, kwa sababu maelezo ya kurudi nayo yako kwa lugha hiyo hiyo. Nimechanganyikiwa. Nimelala saa mbili kwa hasira.

Ijumaa, 18 Juni

Kioo kina sentensi ya kile Kizungu na namba 2. Nimebonyeza nyekundu, ikaondoka. Bahasha inapepesa.

Jumamosi, 19 Juni

Asubuhi namba 3. Mchana nimevua soksi, namba 5. Nadhani ni siku za chaji zilizobaki. Lakini mbona zinaongezeka?

Mkwe hajajibu. Labda amekasirika. Labda nimeandika kitu cha kumkosea. Nimesoma upya ujumbe wangu wote, sioni. Au hawataki kuniambia. Ilikuwa hivi mara ya pili, kimya wiki nzima, kisha barua. Naogopa.

Nimefungua ufunguo. Jina lake likaja. Kidole juu ya kijani. Ningebonyeza ningemsikia na ningejua. Nimesimama hapo mpaka kioo kikazima chenyewe. Sikubonyeza. Naandika ukweli: niliona haya kuliko nilivyoogopa.

Jumapili, 20 Juni

Sikwenda kanisani. Namba 4. Nimefua sweta, nimelianika, halikauki.

Jumatatu, 21 Juni

Naandika ndani ya lori, limesimama Njombe kujaza mafuta. Mwandiko utasamehewa.

Saa tatu nilikuwa dukani. Mama Shamsa kavua soksi, katazama, hakucheka. Namba si chaji. Ni simu nilizopigiwa nisipokee. Kumi na moja, zote za mkwe, tangu Ijumaa. Ziliita ndani ya soksi bila mlio, kama nilivyoagiza.

Na bahasha haileti barua. Inasema sanduku limejaa. Barua mpya hazina pa kuingia, ziko nje zinasubiri nifute za zamani. Akataka kufuta hapo hapo. Nikamshika mkono. Ule wa mtoto anacheza? Huo naufutaje? Aliniangalia, kisha akanivutia kigoda na kunipa kalamu. Nimeketi katikati ya wateja, nimenakili kila ujumbe kwenye daftari hili, kurasa mbili za nyuma. Hata za bahati nasibu, sikuwa na akili ya kuchagua. Ndipo tukafuta.

Simu ikalia. Ikalia tena. Mara nne. Nanakili:

"Mama tumefika Lugarawa leo Ijumaa. Faraja anakuulizia."

"Mama njoo. Daktari amesema atapasuliwa Jumanne asubuhi."

"Mama nimepiga sana. Faraja analia anasema hataki kuingia bila wewe."

"Mama kama nimekukosea nisamehe mimi. Usimwache yeye."

Nilibonyeza kijani mbele ya watu wote. Sikufunga kitenge, sikusimama. Mwanamke wa kwenye simu akasema namba haipatikani. Nimebonyeza tena, na tena. Yuko bondeni hospitalini, mlimani hapandi tena, amekata tamaa na mimi.

 Mama Shamsa alitoka, akarudi na mumewe. Lori lilikuwa liondoke kesho na sabuni na chumvi za kupeleka Ludewa, njia ile ile ya Lugarawa. Wamelipakia leo. Nimekaa mbele, na sweta lenye unyevu mapajani. Kabla hatujaondoka Mama Shamsa aliigeuza simu iwe ya Kiswahili, Kiswahili cha mafundi. Sasa ndiyo sielewi kabisa. Afadhali ile yenye vishale.

Mvua ya ukungu. Dereva anasema barabara ya mbele ni tope.

Jumanne, 22 Juni. Lugarawa

Usiku tulikwama topeni kwa saa nne nzima, kabla ya Mawengi. Nimefika hospitali saa mbili na robo asubuhi. Walikuwa wamemwingiza chumba cha upasuaji saa mbili.

Robo saa. Nimechelewa tena.

Kwenye korido kuna benchi moja. Alikuwa ameketi, akaniona, akainuka, akageukia ukuta kama inavyompasa. Mimi nami ilinipasa nirudi nje nikasimame uani. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini, ya kupanda mlima. Nikaketi. Benchi hilo hilo. Hakujua la kufanya, akabaki na ukuta wake.

Nikamwambia, "Baba, simu haikuharibika. Ni mimi niliyeifunga sauti yako."

 Akauambia ukuta, "Nilidhani umetukataa, mama."

Nimesema hapana. Nimesema aketi. Aliketi mwisho kabisa wa benchi, na sweta katikati yetu. Nilisikiliza mlango. Najua sauti za chumba kile, kila chuma kinavyowekwa, na safari hii kujua hakukunisaidia chochote.  

Saa tatu kasoro mtoto akalia. Nimesikia wengi. Huyu alikuwa na kelele za kutosha. Akaendelea. Hakunyamaza.

Msichana. Kilo tatu na nusu. Faraja mzima. Alipozinduka alinitafuta kwa macho, akasema kitu kimoja, "Umechelewa mama." Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 24 Juni

Mtoto ananyonya. Sweta kubwa mno, linamfika vidoleni. Mkwe analeta uji, anauweka kwenye ngazi, anakohoa, anaondoka. Nafungua mlango akiwa bado karibu. Nasema asante. Leo amejibu.

Jumapili, 4 Julai

Makambako. Nimerudi juzi kuangalia kuku. Wawili wamekufa kwa baridi. Jirani anasema watatu, wa tatu hakunionyesha.

Asubuhi kanisani, simu niliizima kabisa. Sasa najua kuzima. Mchana nimepita kwa Mama Shamsa na debe la maharage. Nimemwomba amtoe mkwe kwenye lile kundi. Hakuuliza kama nina hakika. Kachagua mlio mkubwa kuliko yote, nadhani kwa makusudi.

Ujumbe wa zamani nafuta kila nikinakili. Mmoja nimeuacha, ule wa kuomba msamaha. Unachukua nafasi. Uchukue.

Saa kumi imelia. MKWE. Nimesimama. Nimejifunga kitenge. Nimebonyeza kijani.

Alinisalimu, nikaitikia. Faraja ameanza kutembea mpaka kwenye mlango. Mtoto ananyonya, analia, ananyonya. Nikauliza kidonda, akajibu kinapona vizuri, amekitazama. Halafu yakaisha. Hatukuwa na neno jingine, wala hatukujua namna ya kumaliza. Yeye hawezi kumkatia simu mama mkwe. Mimi, baada ya yote haya, siwezi kubonyeza nyekundu juu yake. Tukanyamaza wote wawili. Nilisikia upepo wa mlimani kwao, na yeye anavyohema kwa kupanda. Nilibaki nimesimama hivyo, simu sikioni, mpaka vocha yake ikaisha.