Siku Niliyokuwa Fomani

Jumamosi, 4 Mei

Mpwa wangu amekuja leo, binti wa marehemu dada. Yuko chuo kikuu, shahada ya pili, mambo ya ujenzi — lakini si saruji na nondo. Anachunguza uongozi. Yaani anataka kujua kwa nini kikosi kimoja kinajenga salama na kingine kinaumiza watu, na vifaa ni vilevile. Nikamwambia swali hilo wangeniuliza mimi mapema, wangeokoa ada.

Akawasha simu irekodi. Akasema, mjomba, wewe ni fomani wa miaka mingi, nisimulie unavyoongoza.

Sikumbuki kumwambia mimi ni fomani. Labda kwenye mazishi ya mama yake nilisema jambo, watu walikuwa wengi, kila mmoja anataja kazi yake. Mimi ni mtu wa stoo. Asubuhi natoa glovu, misumari, sepetu. Jioni napokea sepetu. Ni kazi nzito kuliko inavyoonekana.

Ningemsahihisha palepale. Ilikuwa rahisi. Badala yake nikajiweka sawa kwenye kiti.

Nikamsimulia kamba ya winchi ilivyokatika, nikapiga mluzi mmoja, saiti nzima ikalala chini. Nikamsimulia yule mhandisi mgeni aliyetaka miti ya kushikilia slabu iondolewe kabla zege halijakomaa. Nikasimama chini ya slabu nikamwambia ondoa, ila utaniangushia mimi kwanza. Mhandisi akatoa machozi, akaomba radhi. Mpwa wangu naye macho yakamlowa.

Hiyo ya slabu ni kweli. Ila aliyesimama chini alikuwa fomani wetu. Mimi niliona kwa dirisha la stoo. Na mhandisi hakulia, alikunja uso akaenda zake.

Mke wangu alikuwa pembeni anakunja nguo. Mgeni alipoondoka akaniuliza, "Leo umefikisha ghorofa ya ngapi?"

Jumanne, 7 Mei

Kapiga simu. Mwalimu wake kaipenda sana ile ya slabu, kasema ndiyo aina ya kiongozi anayetafutwa. Sasa anataka kuja Ijumaa, akae saiti, aone ninavyoendesha siku ya zege.

Nimesema karibu sana.

Kwa nini nimesema karibu sana? Mdomo huu sijui nani kanikodishia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemfuata fomani wakati wa chai. Watu wanamwita Kimya. Akisema sentensi mbili mfululizo ujue kuna mtu kaumia. Mimi wananiita Redio, haina haja ya kueleza.

Nilianza kwa mbali, hali ya hewa, bei ya vitu, hatimaye nikalitoa. Nikamwambia mtoto huyu hana baba hana mama, upande wa mama yake nimebaki mimi tu. Akijua nilimdanganya nitamtazamaje.

Akanywa chai mpaka ikaisha. Kisha akasema nisimame mbele asubuhi, niseme maneno mawili, halafu ataanza kazi yeye kana kwamba mimi nimemtuma.

Nikamshukuru mpaka akachoka. Nilipogeuka akaniita. "Redio. Zege usiliguse."

Nilicheka. Kama vile mimi sijui.

Ijumaa, 10 Mei

Niandike yote, la sivyo kesho nitaanza kuyarekebisha.

Fomani alikuwa ameshawaambia vijana kabla hatujafika: leo Redio ndiye mkubwa, ndugu yake anakuja, mtu asimwaibishe. Nikakuta wamejipanga. Hata yule fundi nondo mwenye ulimi mchafu alinisalimia, "Shikamoo mkuu." Nyuma mtu akakohoa, si kikohozi.

Maneno yangu yalikuwa mazuri, siwezi kujinyima hilo. Usalama, umoja, helmeti. Mpwa wangu anaandika mbio. Baadaye akazunguka anawauliza maswali yake. Kwa mwendesha mashine ya zege akauliza, "Mkubwa wenu akikosea, nani humwambia?" Kijana akamtazama fomani, akanitazama mimi, akasema, "Huyu hajawahi kukosea." Vicheko vikamezwa pande zote. Mimi nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Nilitikisa kweli!

Tukaanza nguzo ya pembeni, ile inayobeba ngazi. Fomani anaelekeza kwa vidole tu, chinichini. Hapo ningetulia. Lakini mpwa wangu akawa anamtazama sana yeye. Nikaona kalamu yake inaelekea kule. Akaniuliza, "Mjomba, yule ni nani? Mbona wote wanamwangalia yeye?"

Nikasema ni msaidizi wangu, mzuri ila anahitaji kusukumwa. Halafu nikaenda kwenye mashine, nikachungulia, nikachota zege kwa mkono kama nilivyoona watu wakifanya. Nikasema kwa sauti, "Hili kavu. Ongeza maji."

Pakawa kimya. Mwendesha mashine ndoo mkononi, macho kwa fomani. Fomani alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akamtazama binti, aliyekuwa ananitazama mimi kama mama yake alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo nikimwambia nimepigana na chui. Akaufunga mdomo.

Maji yakaingia kidogo. Nikasema, "Usiogope, ndoo nzima." Yakaingia yote. Zege likashuka kwenye boksi la nguzo laini kama uji, vijana wakashindilia bila kutoa jasho. Nikamwambia mpwa wangu, unaona, kazi ikiwa na kiongozi haichoshi.

Yule wa maabara akaja na vikasha vyake akachota sampuli. Hatumwi na mtu, huja kila siku ya zege.

Binti alikaa mpaka mchana anauliza maswali. Alipoondoka nguzo ilipaswa iwe imeshakamata. Fomani akaibonyeza juu kwa kidole gumba, akakifuta kwenye suruali. Nikamwomba anitukane. Akasema, "Hukunisikia jana?" Nikasema nilisikia. Akasema, "Basi," akaenda kunawa.

Ningempenda zaidi angenipiga.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemuuliza fomani kwa nini asimwambie mhandisi leo, nguzo ivunjwe mapema. Akasema ataulizwa mtu wa stoo alifikaje kwenye mashine. Tungoje majibu ya maabara, pengine litashika.

Litashika. Nimeona zege baya zaidi likishika.

Sijaona. Mimi nimeona misumari.

Jumatano, 15 Mei

Mpwa wangu kanisomea kurasa zake kwa simu. Anataka nisahihishe. Kaandika kwamba kiongozi wa kweli haelezi, anaamuru mara moja na watu wanatii bila hata neno, na kwamba ukimya wa kikosi kile pale kwenye mashine ndio heshima kubwa kuliko zote alizoona katika utafiti wake. Mwezi ujao atasimama kuusoma mbele ya walimu wake wote.

Akauliza, "Nimekuelewa vizuri, mjomba?"

Nikamwambia aya ya pili aongeze habari za helmeti.

Mke wangu alisikia. Hakunidhihaki leo. Akaniambia mtoto huyo atasimama mbele ya watu wanaojua ujenzi, na kuna siku mmoja atamuuliza maji yaliongezwa kwa kipimo gani. Sikujua kama anajua habari ya maji. Kumbe mke wa mwendesha mashine wanasuka naye nywele. Nilitoka nje nikasimama ukutani upande usio na dirisha.

Ijumaa, 17 Mei

Majibu yamekuja. Zege la nguzo halikufika hata karibu na nguvu inayotakiwa. Nguzo inavunjwa, na slabu iliyokuwa ipandishwe juu yake imesimamishwa. Fundi nondo kanipita mlangoni, hakusema shikamoo, hakusema Redio. Kachukua glovu kaenda.

Wanasema Jumatatu mhandisi atamwita fomani, na mwenye kampuni atakuwepo. Wanasema safari hii anaondoka.

Nimekwenda kumwambia nitakwenda mimi niseme. Nilipofika nikamkuta anakusanya kamba zake za kupimia. Nikamuuliza kama anahitaji misumari. Akasema hapana.

Jumapili, 19 Mei

Mpwa wangu kapiga. Kasikia kuna nguzo imekataliwa, sijui kwa nani. Nikadhani imekwisha, nikakaa chini kabisa. Kumbe ana furaha. Anasema, pole mjomba, ila kwangu ni bahati, sina mfano hata mmoja wa kiongozi kosa linapotokea mikononi mwa watu wake. Kesho anakuja. Anasema nisijali, atakaa pembeni.

Nilimwambia kesho pana vumbi. Akasema amezoea vumbi.

Jumatatu, 20 Mei

Niko stoo. Ofisi ya mhandisi imepakana na stoo, ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu. Wako watatu: mhandisi, mwenye kampuni, Kimya.

Mhandisi ameuliza nani aliongeza maji. Ameuliza tena, maana kijana wa mashine kasema aliamriwa, ila hataki kusema na nani. Kimya amesema, "Zege ni langu." Ameulizwa, miaka yote hii hujui maji yanafanya nini? Amesema tena zege ni lake. Mwenye kampuni ameuliza kama anaelewa maana ya kusema hivyo. Amesema anaelewa.

Mpwa wangu ameshafika. Amekuja mpaka kwenye dirisha la stoo, daftari kwapani, akashangaa kunikuta huku. Nikamwambia nakagua vifaa. Sauti ya mhandisi ikapanda ukutani, naye akasikia. Akaninong'oneza, "Si msaidizi wako yule wanamfokea? Unamwacha peke yake?"

Hakuuliza kwa ubaya. Anauliza kama mtu anayesubiri kuona jambo alilokwisha kulisoma. Amefungua daftari. Simu ameiweka kwenye kizingiti cha dirisha, taa nyekundu inawaka.

Nimemwambia nakwenda, namalizia kwanza kuandika ripoti.

Akasema sawa, mjomba, usiwe na haraka, mtu lazima ajipange. Amejiegemeza dirishani anangoja. Kule ndani kiti kimevutwa. Nasikia Kimya anaulizwa funguo za saiti ziko wapi, anasema ziko mfukoni, na nasikia zinavyowekwa mezani.

Binti ananitazama mkono. Nikiweka kalamu chini itanibidi nisimame. Mpaka sasa bado naandika.