Soseji Zilizogongwa Muhuri

Ndugu yangu, haki ya Mungu hili ni kweli tupu. Chumvi niliyotia ni ile ya kwenye unga tu.

Leo wakwe wa binti yangu walikuja kula mchana. Nikajitolea kupika vile vitafunio vyangu: soseji unaiviringisha kwenye unga uliokandwa, unapaka yai, unaingiza kwenye oveni. Kazi ya kitoto! Shida, unga ukawa unafunguka pembeni.

Nikaukumbuka muhuri wa ofisi. Ndiyo, ULE ULE ambao niliapa siku nastaafu kwamba umeliwa na panya. Nikauosha, nikagandamiza kila kimoja. Vikafunga hadi raha!

Sasa sikia. Mama mkwe wa binti kaja na dada yake. Dada mwenyewe nani? Bosi wangu wa zamani! Bosi, nakwambia!

Kachukua kimoja, kavaa miwani, kasoma kwa sauti: "IMEPOKELEWA."

Nikasema, "Bosi, unga wa siku hizi unatoka kiwandani na alama zake."

"Na hii tarehe uliyostaafu, nayo imetoka kiwandani?"

Nikakimbilia oveni, eti vingine vinaungua.

"Mzee, kwa ajili ya panya wako tulileta paka ofisini. Leo wako kumi na mmoja, wanalala juu ya mafaili. Utawachukua."

Binti hanitazami mpaka sasa.

Muhuri nimeurudisha mbele ya wakwe. Jioni hii paka wameletwa, wote kumi na mmoja. Bosi kanipa karatasi nisaini, kisha akaigonga muhuri uleule: IMEPOKELEWA.