Utepe Mwekundu Korongoni

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Ninakusalimu kutoka huku mlimani Geita, nikiamini Mungu amewaamsha salama wewe, shemeji na ng'ombe wenu. Mguu wako umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na nimeandika badala ya kupiga kwa sababu wewe simu huwa unaiweka spika, na haya sitaki jirani ayasikie.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kibarua kwa yule mama mtaalamu wa mimea, sisi tunamwita Daktari. Nilikuwa namwongoza msituni na kufunga alama. Alinifundisha jambo ambalo sikulijua na miaka yote hii naishi huku. Zamani sana, alisema, nchi hii ilikuwa na unyevu na msitu ulishuka mpaka mabondeni. Jua likazidi, msitu ukakauka, ikabaki miti michache imejificha juu. Wala haipo kila mahali. Mgongoni mwa mlima hakuna, upande wa machweo hakuna. Ipo kwenye korongo moja tu, kando ya chemchemi, ambako ukungu hukawia mpaka saa nne asubuhi. Nikamuuliza mbona haishuki. Akasema ikitoka kwenye kile kivuli inakufa. Nikawaza habari za Nuhu na safina. Tangu siku hiyo nikipita pale navua kofia.

Aina moja tuliikuta miti kumi na mmoja, basi. Hiyo ndiyo niliyoifunga utepe mwekundu kwa mikono yangu. Daktari akarudi chuoni kwake, akaniachia niilinde mpaka mvua ziishe.

Dada, huku utepe mwekundu porini una maana moja. Wanaotafuta dhahabu ndio wanaofunga. Mimi nimeshinda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, miaka mingi kabla ya kuokoka, nalijua hilo kabisa, na halikunijia kichwani. Mchoma mkaa mmoja akaziona tepe zangu, akasimulia sokoni Katoro, na Jumapili nikiwa kanisani rashi ikaanza, wachimbaji wakamiminika. Niliporudi watu walikuwa wamejaa korongoni kama siafu, na chini ya kila utepe kuna shimo.

Niliwaambia ni alama za miti. Mchimbaji mmoja akanitazama kwa huruma kabisa.

"Ngosha," akasema, "tangu lini mtu akafunga utepe kwenye mti kwa ajili ya mti?"

Wakacheka. Kadiri nilivyokana kuwa pana kitu ndivyo walivyoamini nataka kula peke yangu. Nikapiga magoti palepale nikasali kwa sauti.

"Mwacheni mzee, anatuombea tupate," akasema mwingine, na wenzake wakaitikia amina.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akaongea, akaondoka. Siku ya nne wakahama wenyewe, hawajapata hata chenga ya dhahabu. Miti yote kumi na mmoja imelala mizizi juu. Chemchemi ni tope. Nimeziokota tepe, ninazo mfukoni, na Daktari bado hajui. Kila nikisali nikifika kwenye jina lake nakwama.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa yake ya macho nimemtumia kwa huyuhuyu aliyeleta barua, mke wa mchungaji wetu, anakuja kutibiwa Kolandoto. Msalimie mke wangu Mama Ester, lakini haya usimsomee, atakosa usingizi bure. Mwambie nakula vizuri.

Sasa lililonifanya niandike. Ule utepe uliobaki, niliokutumia ufunge mpaka wa ngitili ya baba, lile pori lake alilotukataza kulisha ng'ombe mpaka kiangazi kikali. Nilijiona nimekuletea kitu cha maana. Ufungue wote, Dada. Ukimaliza kusoma hapa inuka uende, hata na huo mguu, kisha uuchome jikoni.

Na kama kuna mtu ameshakuuliza pale pana nini, usimwambie hapana kitu. Mimi ndivyo nilivyojibu. Umwambie nini basi, Dada yangu, hilo sijui. Nimelitafuta jibu hilo tangu Jumapili ile na sijalipata.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Baba Ester