Kimo cha Swichi

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bega la kulia limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila macho yamechoshwa na kompyuta.

Siku hizi sipandi ngazi. Mama Kanuni, bosi wetu, amenitoa kwenye kufunga kamera za ulinzi akaniweka ofisini. Kasema, "Wewe ndiye utatuchagulia programu ya kuchorea nyaya na kamera kwenye ramani za majengo. Tutaanza na ile zahanati mpya. Ukikosea, sisi tutachimba ukuta mara mbili na wewe utarudi kwenye ngazi yako." Alicheka aliposema, lakini yalicheka meno tu.

Programu ziko tatu, nimezipa majina. Mrembo ana rangi zote za duniani. Mfupi anakaa ndani ya simu na hana maneno mengi. Kijivu ana sura ya ukuta usiopakwa rangi, na anauliza maswali kama karani: kila aina ya kitu unachoweka anataka kujua kimo chake kutoka sakafuni.

Kwa zote tatu nimeichora nyumba yako, maana ndiyo pekee ninayoijua nikiwa nimefumba macho. Nimeweka nyaya, soketi, na kamera mbili usizozihitaji. Ramani zake zimo humu, naomba uzipitie. Umewachorea watu nyumba miaka arobaini kwa penseli na rula, na sijasikia aliyewahi kukurudishia mchoro.

Mpwa wako,
Bisibisi


11 Machi

Bisibisi wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Bega bado lina kiburi, lakini tumezoeana.

Nashukuru kwa karatasi, na nashukuru zaidi kwamba bado unaniuliza. Nilikwambia tangu zamani kuwa ramani haisomwi mezani, ramani hutembezwa. Basi nimetembea nazo zote tatu, moja moja, kuanzia kwenye mita ya umeme. Jirani alinichungulia akauliza nimepoteza nini ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mrembo amepaka rangi ukumbi mzima mpaka mlango wa jikoni, eti kamera inaona pote. Nikapanda kigoda pale alipoiweka. Nilichoona ni mbao. Mlango wa stoo unafungukia ukumbini na mchana kutwa uko wazi, kama unavyojua. Huyo milango yake haifunguki. Tena kanipangia makochi, wakati mimi nilitaka nyaya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mfupi amerundika nyaya za taa, za soketi na za kamera pamoja, kama nywele zilizoziba bomba. Fundi atakata wa kamera akidhani ni wa taa.

Kijivu hana sura, lakini nyaya za taa zina karatasi yake na za kamera zina yake. Mlango wa stoo ameufungua, na rangi ya kamera imeishia hapohapo mlangoni, kama macho yangu yalivyoishia. Vimo hukunichapia, kwa hiyo hivyo sikuvikagua. Ila nimempenda kwa kuuliza. Anayeuliza utamfundisha, mjuaji utamfanya nini?

Mchukue Kijivu. Na usisahau kula.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua ya kukushukuru nilishaianza, nimeichana.

Nilimchagua Kijivu. Niliwaonyesha ule mlango wa stoo yako, na Mama Kanuni akapiga makofi mbele ya ofisi nzima. Nikachora zahanati, mafundi wakaingia kazini. Leo msimamizi kanipigia simu: "Dada, hii zahanati ni ya sungura?" Wamechimba matundu kumi na manne ya swichi, na yote yako sentimita tisini kutoka sakafuni. Ilitakiwa mia na arobaini.

Kijivu aliniuliza mara moja tu, mwanzoni: kimo cha swichi? Nikaandika tisini, akaziwekea zote. Sikupima wala sikumuuliza mtu. Miaka yote nimekaa darini na kamera, swichi walikuwa wakiweka wengine. Mkono uliandika kabla ya kichwa. Sasa hivi nimesimama hapa ofisini, nimefumba macho, nimejifanya nawasha taa ya ukumbi wa nyumbani. Mkono umeshuka wenyewe, usawa wa nyonga. Kwani nyumbani swichi ziko wapi?

Mama Kanuni hajajua. Ninaweza kusema programu imekosea, na hakuna atakayenibishia. Mjomba, naogopa. Kazi hii ya kuchora naipenda kuliko nilivyodhani.

Mpwa wako


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kaa chini usome taratibu.

Kwanza, Kijivu usimsingizie. Aliuliza, wewe ukajibu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nenda kwa bosi wako mapema, kabla hajaambiwa na mwingine, kisha beba mwiko ukazibe matundu mwenyewe.

Pili, swali lako. Swichi za nyumba hii ziko usawa wa bega langu, zote isipokuwa moja. Ulikuja hapa na miaka mitano na mfuko mmoja, mama yako, dada yangu, tumetoka kumzika. Ukumbi ule hauna dirisha, hata mchana ni giza. Ulikuwa unasimama mwanzoni mwake umebana mkojo, huvuki na huiti mtu. Siku ya tatu nikakukuta unaburuta kigoda kizito ukiwa umeuma mdomo. Nilichukua patasi nikaiteremsha swichi ya ukumbini asubuhi ileile. Wewe ukawasha ukazima, ukawasha ukazima, mpaka balbu ikaungua. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipokusikia ukicheka.

Sikuwahi kukwambia, maana mtoto akiambiwa alivyofanyiwa huanza kujiona mgeni. Kwa hiyo mkono wako haukudanganya. Tisini ni sawasawa, ila ni ya swichi moja tu, iliyokuwa yako peke yako.

Nenda sasa.

Mjomba wako


19 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake. Habari za bega?

Nilimwambia Mama Kanuni kabla hajavua hata mkoba. Akasema, "Programu imekuuliza wewe, na wewe hukumuuliza mtu?" Akanituma zahanati. Nimeziba matundu yote kumi na manne, msimamizi akinisimamia na kuniuliza kama sungura wamehama. Niliporudi, meza yangu ilikuwa bado ni yangu. Juu yake palikuwa na kanuni mpya, kaiandika kwa mkono wake: hakuna ramani itakayotoka hapa kabla ya mtu kutembea nayo kwenye jengo, na vimo vikiwa vimechapwa. Nikamwambia kanuni hiyo ina mwenyewe. Akasema nikupe salamu.

Barua yako niliisoma mezani nikalia, na sikujificha. Mjomba, asante. Nilikua nikidhani kila nyumba ina swichi inayonifikia. Sikujua kuna mtu aliyechimba ukuta ili nidhani hivyo. Asante kwa swichi, na asante kwa kunyamaza.

Jambo moja linanisumbua. Nilirefuka, nikakupita hata wewe. Mbona hukuirudisha juu?

Mpwa wako,
Bisibisi


27 Aprili

Bisibisi,

Marahaba. Bosi wako nimempenda, mrudishie salamu zake mara mbili.

Mbona sikuirudisha? Kwanza ni uvivu. Baadaye ulipohama niliiacha, kwa sababu nilipenda kuiona. Na sasa, nikwambie ukweli, tangu bega hili ligome, mkono haupandi. Swichi za vyumbani nazibonyeza kwa mpini wa ufagio, na zikinikatalia nakaa hivyohivyo. Hiyo yako ndiyo pekee ninayoifikia bila kuuma meno. Kila jioni naiwasha na nakushukuru kwa kuwa ulikuwa mfupi.

Usinionee huruma. Ufagio mzuri.

Mjomba wako


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ni mistari michache tu, basi linaondoka na bahasha hii.

Nakuja Jumamosi na patasi, mwiko na saruji. Ufagio urudi kwenye kazi yake.

Nimeichora nyumba yako upya kwa Kijivu, ramani ndiyo hiyo humu ndani. Aliniuliza tena kimo cha swichi. Safari hii nilifikiri kwanza, kisha nikamjibu: tisini, zote.

Tembea nayo kabla sijafika.

Mpwa wako