Gazeti Liko Kwenye Koti Langu na Bado Liko Kwenye Kompyuta

Mpendwa mshauri, sijui kama wewe ni kijana au mtu mzima, ila nisaidie, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, watu huja kwangu, na darasani sikukaa sana lakini kichwa changu kinawashinda wenye vyeti. Binti yangu wa mwisho anafanya utafiti wa historia ya maktaba kuu ila maktaba haendi, anafanyia hapa mezani kwangu, anasema magazeti yote ya zamani yako mtandaoni, nikamwambia maktaba ile nimeijenga mimi, nilikuwa fundi mkuu, andika hivyo, naye akasema, “Nitaandika, baba, nikipata ushahidi tu.” Juzi akaniambia kuna gazeti la siku ya ufunguzi lenye picha ya mafundi wote, na kila mtu kazi yake chini, Ijumaa atalisoma lote. Mshauri, kwenye picha ile nimeshika ndoo. Nilibeba zege. Fundi mkuu alikuwa shemeji yangu, na tangu afariki nimejivika cheo chake mpaka watoto wangu hawajui kingine. Basi nikaenda maktaba mwenyewe, nikaomba gazeti, nikalikunja nikalitia ndani ya koti, nikatoka, mlinzi akanipigia saluti. Nafika nyumbani, binti anatazama ukurasa wa mbele wa gazeti lile lile kwenye kompyuta, napapasa koti, limo! Sasa liko kwangu au liko kwake? Na leo anasema karani wa maktaba, mama wa watu, amesimamishwa kazi kwa kulipoteza. Nilichome? Au nimwambie kompyuta ni mwongo?

Fundi Mkuu

Mzee wangu, shikamoo, na sasa kaa chini. Ulichochukua ni karatasi. Maktaba walishaipiga picha zamani, na picha hiyo inaonekana popote, hata karatasi ikiwa jivu. Kwa hiyo umeiba na hukuficha kitu. Aibu yako naielewa, kubeba ndoo miaka yote hiyo bila kuitaja ni uzito, lakini mama wa watu yuko nyumbani bila kazi kwa sababu ya koti lako, na hapo sikuhurumii. Usichome. Vuta kiti umwambie binti yako: “Mimi nilibeba zege, fundi alikuwa mjomba wako.” Halafu mlirudishe gazeti, useme mbele ya mkubwa wa karani kwamba mwizi ni wewe, na karani umwombe radhi. Ukitoka hapo, mweleze binti namna zege lilivyopanda hadi ghorofa ya tatu kwa mikono, maana hilo gazeti halikuliandika. Ijumaa usiingoje. Leo ni Alhamisi, gazeti letu nalo liko mtandaoni, na binti yako kazi yake ni kusoma magazeti.